Ukurasa Uliopata Mia kwa Mia

Kaka yangu,

Nakusalimu, na kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu naanza na hali kabla ya ugomvi. U mzima? Mgongo umetulia? Wifi na watoto hawajambo? Mimi sijambo, nipo tu na kazi zangu. Habari za Mama nitazifikia.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nimekudhalilisha mbele ya bosi wako, kwamba hospitali imenipa kazi ya kukagua ukurasa wenu wa mtandaoni wa kupanga miadi, nami badala ya kumsitiri ndugu yangu nimeukataa wote. Umesema pia kwamba programu ya ukaguzi iliupa mia kwa mia, mkakata keki. Hongera. Hata mimi ningeila keki hiyo kama nisingejua hiyo mia mliipataje.

Programu ile huuliza swali moja la kijinga: je, kila kitufe kimeandikiwa jina ambalo simu au kompyuta itamsomea mtu asiyeona? Haiulizi kama jina lenyewe lina maana. Basi nyinyi mabingwa mkajaza neno "maelezo" kila mahali: kwenye kitufe cha kuchagua siku, cha kuchagua daktari, cha kuthibitisha, hata kwenye picha ya yule nesi anayetabasamu. Programu ikaridhika, ikanyamaza. Asiyeona akifungua ukurasa, sauti inamwambia maelezo, maelezo, maelezo, kama kasuku aliyefundishwa neno moja.

Sijamaliza. Siku zenye nafasi mmezipaka kijani, zilizojaa nyekundu, bila neno lolote juu yake. Nilimwuliza msimamizi wenu, huyo mnayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, mtu asiyetofautisha rangi hizo afanyeje. Akasema amwombe mtu wa nyumbani amsaidie. Nikamwomba yeye mwenyewe aweke kipanya pembeni, ajipangie miadi kwa kibodi tu. Akabonyeza, akabonyeza, asijue amefika wapi, maana ile alama inayozunguka kitufe ulichofikia mliifuta, eti inaharibu sura ya ukurasa. Jasho likamtoka, akasema kibodi yangu ni mbovu. Mtu mzima huyo, kaka, na mshahara anapokea.

Halafu mnasema mlipima. Mlipima nini? Kukaa kundi zima mbele ya skrini kubwa kama mlango, mkipongezana, si kupima. Kupima ni kumkalisha mtu anayeuhitaji huo ukurasa, ukafunga mdomo, ukatazama anakwama wapi. Mngefanya hivyo asubuhi moja tu nisingekuwa naandika haya.

Mimi nilifanya. Nilihitaji mtu mwenye macho hafifu, tena haraka, nikamchukua Mama. Nilidhani atafurahi kuiona ofisi yangu, na kweli alivaa viatu vyake vizuri. Nikamkalisha, nikamvisha visikizio. Sauti iliposema maelezo mara ya pili, aliondoa mkono kwenye kibodi, akavua visikizio, akaniambia taratibu kwamba ukurasa huo anaujua, ni ule wako.

Unakumbuka alivyotuambia kwamba daktari wa macho amempumzisha, hana haja ya kurudi mpaka mwakani? Alitudanganya, kaka. Hospitali ilipofunga dirisha la miadi na kuwaelekeza watu wote kwenye ukurasa wenu, Mama alikaa nyumbani na simu uliyomnunulia, akajaribu, akarudia, akashindwa. Nikamwuliza kwa nini hakwenda kulalamika, au hata kuniambia mimi. Akasema ameshawatangazia majirani na manesi wote kwamba mwanawe ndiye aliyeutengeneza; angekwendaje kusema haufanyi kazi? Akaona afadhali anyamaze. Tena moyoni aliamini mjinga ni yeye.

Nilimpeleka kwa daktari siku ileile, bila miadi, nikigombana na kila aliyesimama mlangoni. Jicho la kulia halitaona tena. Daktari alisema angekuja mapema, dawa ya matone ingetosha. La kushoto bado wanalipigania.

Aliniapisha nisikuambie. Nimekuambia, na sijutii. Nina hasira na Profesa wako, nina hasira na keki yenu, na hasira kubwa kuliko zote ni juu yako wewe, kwa sababu wewe huyo mama unamjua.

Rekebisha ukurasa huo, kisha uje. Usije na hotuba. Kaa kando yake, funga mdomo, umtazame akijipangia mwenyewe miadi ya jicho lililobaki.

Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka. Mama naye anakusalimu sana. Jana nilimsikia kwenye ngazi akimwambia jirani wa juu kwamba ukurasa wa hospitali ni kazi ya mwanawe, na kwamba ulipata mia kwa mia.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja.