Nilisema "Mukate Tu", Wakaipasua Point

Mpendwa Mama Spès, naomba unisaidie kabla roho haijapasuka, niko nakuandikia juu ya hii: mimi ndiye mushauri wa sheria wa chama chetu cha wakimbizi na wahamiaji hapa Durban, wanachama wenyewe walinichagua nichunge katiba, na sasa iko inavunjwa kupitia kinywa changu. Kila eneo linachagua mujumbe wake, wajumbe wanachagua prezida, na sisi wanawake wa saluni za mtaa wa Point tuko wengi eneo moja, tulikuwa na hakika mwaka huu Gracieuse ataingia kuwa mujumbe wetu, yule anayesema wajane nao wasaidiwe kuzika, basi mukutanoni katibu, yeye ni Mutanzania, akauliza, "Mshauri wa sheria, unaafiki kata mpya?" na mimi mutu wa Bukavu, kwetu kukata ni kukata, tena tulikuwa tunaongelea muchango wa msiba tangu asubuhi, nikajua wanataka kuupunguza, nikajibu, "Mukate tu, batu bamechoka!" Wakapiga makofi, nikakaa nikijisikia muzuri. Eish, Mama! Kumbe kata kwao ni eneo la uchaguzi. Ramani ilipotoka nikaona Point imepasuliwa, kipande kimetupwa kwa wanaume wa bandarini, kingine mtaa wa Morningside, kila mahali tumekuwa wachache, na chini wameandika mushauri wa sheria amekubali.

Mukubwa wangu wa tumbo moja, Peguy, anaishi Amerika, anasema kule vyama vinachoraga maeneo ya uchaguzi hivyohivyo, na mwanasheria mukuu wa jimbo anaweza kwenda mahakamani kuipinga ramani, basi na mimi nisimame. Lakini prezida alinikuta barabarani, tunangoja robot, taa ya barabarani, iwe kijani, akaniuliza polepole, "Karatasi yako ya ukimbizi inaisha lini, Mama Marcelline? Unajua barua za chama kwa serikali naziandika mimi." Akauliza hata watoto wanasoma wapi. Tangu hapo silali, kila anayegonga mlango nadhani ni yeye, na bwana yangu anasema nyamaza, kwa mwoga huenda kicheko. Uchaguzi ni Jumapili. Naogopa, Mama, naogopa sana. Nifanye nini?

Marcelline, Point

Marcelline, pole mwanangu. Hofu yako si ya kuchekwa. Mtu mzima anayekuuliza watoto wako wanasoma wapi, wala hana nia ya kuwapelekea daftari, anakutisha. Hata mimi nilipomaliza barua yako nilikwenda kuangalia kama mlango wangu umefungwa.

Lakini hebu niambie, umechaguliwa kuchunga katiba, unaulizwa neno usilolijua, halafu unajibu ili upigiwe makofi? Kuuliza si ujinga! "Katibu, kata ni nini?" Ungesema hivyo tu, leo ungelala.

Na Peguy amekueleza nusu. Kule Amerika wapo wanasheria wakuu wa majimbo wanaoishtaki ramani ya upendeleo, na wapo wanaosimama mahakamani kuitetea kwa sababu imechorwa na chama chao. Wengi wao wamechaguliwa na wananchi, kama wewe. Cheo peke yake hakimwokoi mtu. Sasa jibu kwa ukweli: kama ramani ingepindwa ili Gracieuse ashinde, ungeniandikia? Kama hapana, basi na wewe ni walewale.

Haya, sikiliza. Karatasi ya ukimbizi inatolewa na serikali, siyo na prezida wa chama. Kesho nenda kwa mawakili wanaosaidia wakimbizi bure, uwaeleze maneno yake yote. Shuleni uwaambie walimu kwamba watoto wasichukuliwe na mtu mwingine. Na mumeo aiweke akiba methali yake. Huendi vitani, unaenda mkutanoni, tena aje akae karibu nawe.

Kabla kura haijapigwa, omba nafasi ya kusema. Waambie: "Sikukubali ramani. Nilidhani tunapunguza mchango." Watacheka, waache wacheke. Dai maeneo ya zamani yatumike Jumapili hii, na ramani yoyote mpya ipigiwe kura na wanachama wote, huku prezida na Gracieuse wakikaa mbali na kalamu. Wakikataa, tamka mbele ya wote kwamba mshauri wa sheria hajaidhinisha.

Sitakudanganya kwamba hofu itaisha kabla ya Jumapili. Haitaisha. Na wale wanawake wa Point watakuwa wamekaa wanakutazama. Simama hivyohivyo.

Mama Spès