Watoto Niliowaandikisha Minnesota

Cedar-Riverside, Minneapolis
2 Machi 1996

Mwanangu Eugene,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Brigitha. Mimi ni mzima, ila baridi imenipasua midomo.

Huku, mfanyakazi wa mshahara mdogo mwenye watoto hurudishiwa kodi na jimbo, tena huongezewa. Maurice, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetujazia fomu, aliniuliza ninalea watoto wangapi. Nikamjibu wawili. Tangu kaka yangu afariki, ningejibu nini kingine? Fedha zimekuja. Hii ni karo yenu ya mwaka mzima. Brigitha mnunulie sweta.

Mama yako,
Jedidah

Nyamira
30 Machi 1996

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, nyanya anakohoa kidogo tu.

Karo nimelipa. Mhasibu wa shule, ambaye amezoea kunifukuza, safari hii alinipa kiti. Brigitha havui sweta hata juani. Wenzangu wananiita Mmarekani. Nawajibu ni kweli, serikali ya Minnesota inanijua kwa jina.

Mwanao,
Eugene

Minneapolis
17 Novemba 1996

Mwanangu Eugene,

Habari za siku nyingi? Nyanya amepona? Mimi mwili hauna neno.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitafuta namna ya kukwambia, nikaikosa. Ofisi ya kodi ilitaka barua kutoka shule mnayosoma hapa. Kumbe mtoto anayehesabiwa ni yule anayelala nyumbani kwako, na Maurice hakuuliza mnalala wapi. Nilimweleza yule mama wa ofisini kwamba baba yenu alikuwa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako. Alinisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Kwa hiyo si watoto wako?"

Nikasema, "Si wangu." Nikatia sahihi.

Sasa wanakata mshahara wangu wa hospitali mpaka fedha zao zirudi, na karo ya Januari sioni itatoka wapi. Nakwambia mwenyewe usije ukayasikia kwa watu.

Mama yako,
Jedidah

Nyamira
25 Januari 1997

Shangazi,

Salamu. Nyanya hajambo. Brigitha hajambo.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Usihangaike na karo. Kanisa lina fungu la kusomesha yatima, na miaka yote tulinyimwa kwa kuwa tuna mama Marekani. Juzi nilikwenda tena. Mzee Zadock wa kamati akaniuliza, "Mna mtu anayewasomesha?"

Nikasema, "Hatuna."

Akataka kusikia na kwa Brigitha. Nilikuwa nimemfundisha njiani. Alilia, lakini akasema.

Eugene,
mtoto wa marehemu kaka yako