Kidoa Kwenye Picha ya Yangeyange

Chumba cha nyuma, dukani kwetu kwa picha,
Jumapili, maji yamekupwa.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua au umeanza kumsikiliza daktari? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ameanza tena kulalamika kwamba chakula hakina chumvi, kwa hiyo tunajua anapona.

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Unaniomba mambo mawili. La kwanza, nimwonyeshe binamu yetu mahali yangeyange, wale ndege weupe wa mikokoni, walikohamia, maana anataka kuandaa maonyesho mengine. La pili, nikuchapie upya ile picha yake uliyoitundika sebuleni, eti ina kidoa cheusi pembeni chini, na wifi akipangusa hakitoki.

Nianze na huyo binamu. Siku hizi jina lake halitaki, anataka aitwe Msanii. Shangazi, mama yake mzazi, anamwita hivyo mezani bila hata kucheka: "Msanii, ongeza mboga." Nusura nipaliwe.

Mara ile ya kwanza uliponiandikia nimpeleke kwenye mikoko, nilimpeleka kwa heshima yako. Alikuja amevaa kizibao chenye mifuko chungu nzima, yote mitupu isipokuwa mmoja. Huo nilidhani una kitana. Kamera yake ina lenzi ndefu kuliko mkono wangu, na bado aliniuliza pa kubonyeza. Kwa manukato aliyojimwagia, nadhani hata kaa walirudi mashimoni.

Ungewaona wale ndege, kaka. Yangeyange akila hana papara. Anasimama kwenye maji ya kina kifupi, anatikisa mguu mmoja topeni, visamaki vinashtuka, naye anadona. Mimi hulala kifudifudi juu ya gunia mpaka wanizoee, ndipo naanza kupiga picha. Juu yao mikokoni kulikuwa na viota, na viotani mayai. Nilimwambia binamu kwamba wakati wa mayai hatuwasogelei wala hatuwashtui. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Bwana Msanii hakulala kifudifudi, suruali ingechafuka. Alitaka picha ya ndege wakiruka, na ndege walikuwa wamekalia mayai yao. Nilipoinama kubadilisha betri, nikasikia filimbi. Ndicho kilichokuwa mfukoni, filimbi ya refa! Kundi zima likainuka. Yeye anapiga picha huku anacheka, na kila walipojaribu kutua akapuliza tena. Nilimnyang'anya nikaitupa topeni. Akanuna, akaniambia, "Dada, wewe una wivu tu. Kwani ndege si wanaruka kila siku?"

Picha yenyewe ndiyo hiyo. Akaipa jina "Furaha ya Asubuhi". Kwenye maonyesho watu wakapiga makofi, shangazi akalia machozi, nawe ukaitundika juu ya kochi. Furaha gani, kaka? Wale ni wazazi waliofukuzwa kwao. Mtu mzima asiyejua kutofautisha furaha na hofu, kamera ya nini? Wiki ile ile ya filimbi, ndege waliobaki walihama.

Kwa hiyo ombi la kwanza jibu lake ni hapana. Najua walipo, ni wachache, na wameanza kujenga upya. Sisemi. Shangazi akinuna, shauri yake. Wewe ukinuna nitaumia sana, nakwambia wazi, lakini bado sisemi.

Nisalimie wifi, mwambie gauni alilonishonea limenikaa vizuri. Wabusu watoto, hasa yule mdogo mwenye maswali. Mama anakuombea ulale bila maumivu, na mimi naitikia amina. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dada Picha

N.B. Nimesahau ombi la pili. Sitaichapa upya. Mwambie wifi aache kupangusa, ule si uchafu. Vaa miwani yako, usogee karibu. Kile kidoa kina mabawa, kaka. Ni kunguru, na mdomoni amebeba yai.