Saa Tatu ya Asubuhi

Mama Mwasiti,

Ndagala za ziwani ziko juani, zigeuze kabla kuku hawajazifikia. Mawese ~~usiyachuje, nitachuja mwenyewe~~ yachuje tu, nitachelewa.

Asubuhi ulinicheka: "Mwanafunzi wa mvuke leo amevaa gunia!" Geuza karatasi hii uone nilichokuficha. Ni ule mtihani wa hesabu. Mwalimu Mdachi alisema bila alama zote ishirini hakuna kufundishwa elimu ya mvuke. Kugawanya nilipata, sehemu nilipata, hata duara nililipima. Swali la mwisho alichora saa, mshale mfupi kwenye tisa: "Asubuhi hii ni saa ngapi?" Nikaandika saa tatu, kama ambavyo ungeandika wewe na Rumonge nzima. Akapiga wino mwekundu. Kwao ni saa tisa! Alama kumi na tisa, basi. Eti sijui kuhesabu.

Sasa naenda gatini na gunia langu kupakia kuni za meli. Mvuke nilitaka kuusoma, nitaulisha.

Niwekee ugali saa moja usiku. Saa moja yetu. Hiyo yake itanikuta nimeshalala na njaa.

Baba Mwasiti