Mlinzi Mwenye Sufuria Kichwani

Jumatatu, 7 Juni 1976

Nimemaliza kitabu! Mwalimu Telesphor alikuwa anaandika habari za mbolea ubaoni, mimi niko na *Soko la Vivuli* chini ya dawati. Hakuniona. Au aliniona akaniacha — kitabu chenyewe ni chake.

Chini ya mlima kuna soko. Malkia ananunua vivuli vya watu, na aliyeuza kivuli chake anasahauliwa na wote waliompenda. Msichana Sinde anashuka kumtoa kaka yake. Langoni anamkuta mlinzi asiye na uso. Kaka anatoka, lakini Sinde anaacha kivuli chake mwenyewe. Anarudi nyumbani jioni. Mama yake anamletea maji kwenye kata, anamwambia: "Karibu, mgeni."

Basi! Hakuna kingine. Ukurasa uliobaki ni mweupe.

Sikulia. Lakini nilipofika nyumbani nilimwangalia mama akipepeta mchele, nikaogopa. Tangu mdogo wangu Eustace afariki kwa homa masika haya, jina lake halitajwi kwetu. Kigoda chake mama anakiita "kile". Nahisi kitabu hiki kinaijua nyumba yetu.

Jumatano, 9 Juni 1976

Nimechaguliwa! Saba Saba shule zitashindana mjini, na sisi tutacheza *Soko la Vivuli* — lakini kwa nyimbo. Mwalimu Telesphor ametunga zote mwenyewe. Watakaoshinda wataenda Sumbawanga kwenye mashindano ya mkoa. Goreth, rafiki yangu, ni Sinde kwa sababu ya sauti yake. Mimi ni mama. Maneno yangu ni machache, ila ndiyo ya mwisho.

Halafu nikasoma maneno yenyewe. Mama anamtambua Sinde palepale, anapiga vigelegele, kijiji kizima kinacheza! Na mlinzi wa lango ni Apolinari, amevaa sufuria kichwani, anakatika kiuno.

Nilinyoosha mkono. Mwalimu, kitabuni mama hamjui mwanawe.

"Pelagia, watu watakuwa wamesimama juani tangu asubuhi. Unataka nikawazike?"

Darasa zima likacheka. Apolinari naye: "Huyu anataka msiba, hataki mchezo!"

Baada ya kengele Mwalimu aliniita. Akasema niandike insha: kitabu na mchezo, kipi bora, na kwa nini. Kwa hoja, siyo kwa hasira.

Ijumaa, 18 Juni 1976

Nimesoma insha mbele ya darasa la saba lote. Sauti haikutetemeka — labda mwanzoni tu.

Nilijitahidi kutenda haki. Nilisema wimbo wa Goreth pale langoni unakishinda kitabu. Mwandishi anatumia kurasa nzima kueleza Sinde alivyoogopa, Goreth anavuta sauti moja tu na wewe unayesikiliza unaogopa. Hapo Goreth akaficha uso kwa daftari. Nilisema wimbo wa Malkia akipima vivuli kwenye mizani kama chumvi unachekesha, na ni sawa uchekeshe.

Lakini mlinzi! Wa kitabuni hana uso, mwili unasisimka. Wetu ana sufuria. Kama hakuna anayeliogopa lango, tunampigia Sinde makofi ya nini? Na kama mama anamjua mwanawe palepale, basi Sinde hakulipa chochote.

Mwalimu akapangusa chaki mikononi. Akasema hoja ya lango imempata. Mwisho, hapana. "Niletee mwisho wa kweli ambao watu wanaweza kurudi nao nyumbani."

Mimi, nimletee Mwalimu mwisho!

Apolinari ameuliza kama nataka aukate uso wake. Nikamwambia aishushe sufuria mpaka kidevuni, inatosha. Alikuwa ananitania, mimi nilikuwa nasema kweli. Akaishusha. Goreth akapiga ukelele, akakimbilia mlangoni! Tumeshapata mlinzi asiye na uso, na ni mimi niliyemwona kwanza.

Jumamosi, 26 Juni 1976

Leo tumemaliza matanga ya Eustace. Ndugu wamekuja kutoka Kabungu na Sitalike, ua mzima umejaa. Mama alikaa mkekani, mgongo ukutani. Alikuwa anaitikia pole tu.

Ndipo akaingia mzee Masele, seremala wa hapa Ilembo. Yeye Msukuma, sisi Wafipa, kwa hiyo ni mtani wetu. Siku ya mazishi alikuwa kwao Shinyanga. Moja kwa moja akaenda kwenye nguo za marehemu zilizokuwa zinasubiri kugawiwa, akachukua shati la Eustace la shule, akajifunga mabegani. Kisha akaanza kutembea. Anaburuta mguu wa kushoto, anapiga mluzi usiotoka — Eustace mtupu! Akafunua chungu, akanyofoa mnofu.

"Wafipa nyie! Mwenzenu narudi shule na njaa, mmekaa mnanililia! Mama, ugali uko wapi?"

Nilikasirika mpaka macho yakauma. Nikamtazama mama. Amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Nikajua analia.

Alikuwa anacheka! Anacheka na machozi yanashuka. Halafu akasema kwa nguvu, vilevile kama zamani: "Toka jikoni, wewe Eustace!"

Mama amelitaja jina!

Mzee Masele akaondoka na jogoo wetu kwapani. Hakuna aliyemzuia, ni haki yake ya utani.

Nilidhani anayechekesha msibani hajali. Mbona yeye ndiye aliyekumbuka hata mluzi?

Jumatatu, 28 Juni 1976

Nimempelekea Mwalimu mwisho. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikasahau hata kumwamkia.

Mama anatoka na kata, anasema, "Karibu, mgeni." Ngoma inanyamaza. Kimya. Kisha mlinzi wa lango, kumbe amemfuata Sinde kutoka sokoni, anaingia na sufuria yake, anamwigiza Sinde kama mtani msibani: anavyotembea, anavyomwaga maji njiani. Mama anacheka, na kwa kucheka huko anamkumbuka mwanawe.

Apolinari alikuwa dirishani anasikiliza. "Kwa hiyo sufuria sasa tamu?" Ndiyo, tamu. Nimekubali.

Hofu ya Mwalimu ni ule ukimya. Watu watadhani tumesahau maneno, watapiga miluzi, na Sumbawanga tutaisikia redioni tu. Mwishowe akasema ngoma itaningojea mimi. Nikiona watu hawavumilii, ninyanyue mkono na ule wimbo wake wa vigelegele uanze mara moja.

Ameniachia mimi!

Ijumaa, 2 Julai 1976

Apolinari akimwigiza Goreth anatoka mbuzi. Nimempeleka kwa mzee Masele. Wametukanana kwa furaha mchana kutwa, na sasa anaweza.

Mama amenipa khanga yake nivae, na kata yake mwenyewe. Akauliza, huyo mama wa kwenye mchezo atamjuaje mwanawe? Nikasema, kwa mwendo.

"Ni kweli," akasema. Kisha: "Nitakuja."

Jumatano, 7 Julai 1976 — Saba Saba

Naandika nyuma ya jukwaa. Tumemaliza! Matokeo bado. Mkono bado una maji ya kata.

Wenzetu wa shule ya kwanza walitoa ngonjera safi, mashati yamepigwa pasi. Niliogopa. Lakini Apolinari alipoishusha sufuria pale langoni watoto walijificha kwa mama zao, na Goreth akavuta ile sauti yake. Nilijivuna!

Kisha zamu yangu. Mama yuko mbele kabisa mkekani, kando yake mzee Masele anatuzomea Wafipa. Nikampa Goreth kata. "Karibu, mgeni."

Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyekohoa. Huko nyuma mluzi mmoja, wa pili. Mwalimu ananitolea macho. Mkono wangu sikuunyanyua.

Apolinari alikuwa bado hajaingia. Mama akasimama. Mama yangu! Mbele ya viongozi wote wa wilaya!

"Ni mwanao huyo! Mtazame anavyotembea!"

Mzee Masele akamvuta khanga: "Kaa chini, Mfipa, uache watoto wafanye kazi!" Watu wakaangua kicheko, na kichekoni humo Apolinari akaingia. Sikuigiza kucheka. Sikuigiza kulia. Nilimkumbatia Goreth mpaka maji yote yakamwagika.

Sasa waamuzi wanabishana. Mmoja anasema mama amevuruga mchezo, tukatwe alama. Mwingine anauliza kama alipangwa, maana kama alipangwa, basi yeye mwamuzi hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Mwalimu Telesphor ameitwa. Nasikia anasema, "Ndugu waamuzi, kwanza naomba niwaeleze habari za kitabu —" Kipaza sauti kinakoroma.

Mama hajakaa. Namwona kwenye upenyo wa turubai. Anamwonyesha jukwaa mwanamke mmoja asiyemjua kabisa, kidole juu. Sauti yake inafika mpaka huku.

"Yule aliyekuwa mama ni wangu. Nilikuwa na mwingine, Eustace. Huyo naye alikuwa na mwendo wake —"