Migomba ya Serikali Shambani kwa Mama

Jumanne, 10 Juni 2025

Daktari Abdiaziz, mtafiti mkuu wa mradi wetu, amepiga simu nikichuma majani chai. Akauliza habari za Mama, za mvua, za kila kitu. Nikajua kuna jambo. Pesa za mwaka wa tatu haziji. Serikali imepunguza fedha za utafiti na mradi wetu wa migomba umeachwa nje.

Hilo nililitarajia. Lililonikata maini ni la pili — kibali kinasema migomba ya majaribio, ambayo usalama wake haujathibitishwa, haiachwi shambani bila wa kuichunguza. Ing'olewe, ikatwekatwe, izikwe. Hata ndizi zisiliwe. Mwisho Jumatatu. Msaidizi wa utafiti hapa Birongo ni mimi, na shamba lenyewe ni la Mama.

Sijamwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Bajeti redioni. Nilikaa nikingoja neno utafiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Betri ikaisha kabla. Afadhali.

Nimemwambia Mama. Alikuwa anauwekea mkungu mkubwa nguzo usianguke. Ugonjwa wa mnyauko ulipopita hapa uliua migomba yake yote, na ya majirani. Hii ya Daktari ndiyo imesimama. Imesimama! Mama akauliza kwa nini kampuni fulani isiichukue hiyo kazi. Nikamweleza anavyosema Daktari: kampuni itauza nini? Huku mche wa ndizi haununuliwi, unaomba kwa jirani unapewa. Kitu cha kupeana bure hakina tajiri wa kukigharamia, ni serikali tu. Mama akasema basi serikali imechoka kupeana. Akaendelea kufunga kamba.

Daktari amebaki na tumaini moja. Kuna miche michache kwenye chupa, maabarani. Tukifunga kazi vizuri, bila mmea wowote kuvuka ua, tunaweza kuomba pesa tena. Ukionekana hata mmoja nje, kibali kinafutwa kabisa.

Jumamosi, 14 Juni

Kanisani. Baada ya ibada ya Sabato Mokeira, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alimshika Mama mkono akamshukuru. Eti kile kichipukizi kimeshika vizuri sana, na tayari kimetoa vingine. Mke wa Machogu, jirani mwingine, naye akasema chake kimemfika kiunoni.

Nikamvuta Mama tukaondoka.

Nyumbani nikamuuliza Mama kama hakusikia siku ile tulipokatazwa kutoa miche. Alisikia. Alivichimba nilipokwenda mjini kupeleka ripoti. Akaniuliza, mtu amekuja kukuona, shamba lake limekauka lote, unampa chai halafu unamsindikiza mikono mitupu?

Nina cheti cha kilimo, na hilo sikufundishwa. Nikisema ukweli, ya Mokeira nayo inang'olewa na mradi unakufa. Nikinyamaza, namdanganya Daktari, na huyo hajawahi kunidanganya. Sijui nifanye nini. Naogopa, basi.

Jumatatu, 16 Juni

Daktari amefika asubuhi na mapanga, yeye na Job, dereva wake. Tumekata. Utomvu umenilowesha blauzi, hautatoka tena. Mkungu mkubwa Daktari ameukata mwenyewe, akasimama karibu nao akifuta miwani. Mama alikaa mlangoni akitazama. Hakulia. Ningependa angelia.

Tukafukia shimo. Daktari akapiga picha, halafu akanigeukia.

"Lavender, ndiyo yote?"

Nikasema naleta maji ya kunawa.

Niko jikoni. Jagi limejaa zamani. Naandika ili nisitoke.

Kuna mtu anapanda njia ya kijito. Ni Mokeira. Amebeba kitu kichwani, kimefungwa kwa majani, udongo unamdondokea mabegani. Kichipukizi. Habari za kukata zimeshamfikia.

Amewaamkia wote. Sasa anamwambia Mama, tena kwa Kiswahili, kwa heshima ya Daktari, mgeni asiyejua lugha yetu, ili naye asikie:

"Pole sana, Mama Lavender. Nimekuletea moja kutoka kwa ile ulinipatia. Hauwezi kaa bila ndizi na mimi niko nayo."

Mama hajanyoosha mkono kukipokea. Mokeira bado anatabasamu, amekitua chini, anakifungua majani.

Daktari haangalii kichipukizi. Anaangalia dirisha la jikoni.