Karatasi Aliyoichoma Mama

Basse-Terre, Guadeloupe
12 Agosti 1802

Mpendwa mdogo wangu Théodule,

Hujambo huko Saint-Thomas? Kikohozi kimepoa? Na ule mkono ulioukata ukichonga mbao za meli, umepona? Sisi ni wazima wa mwili, ila roho hazitulii hata kidogo.

Vita vimekwisha. Wanajeshi walioletwa kutoka Ufaransa mwezi wa tano wameshinda, na sasa amri imebandikwa sokoni: mweusi asiye na hati ya zamani ya kuachwa huru, iliyoandikwa kabla ya uhuru wa watumwa wote, arudi kwa bwana wake. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi.

Hati yetu unajua ilikokwenda. Ulikuwepo siku uhuru wa wote ulipotangazwa, miaka minane iliyopita, mama akaichomoa kifuani na kuitia motoni, chini ya kikaango cha mikate ya muhogo. "Mtu huru atembee na karatasi ya nini? Mimi kuku wa sokoni, nifungwe uzi mguuni?" Tulicheka mpaka mikate ikaungua. Nusu ya mtaa ilichoma zake. Nikiikumbuka furaha ile natamani kujizaba kofi.

Nakala ya karani nayo iliteketea na ofisi yake kwenye mapigano. Jana walimchukua jirani yetu Ursule, wakamrudisha utumwani kwenye mashamba ya miwa. Alipita akipiga kelele, "Nilijinunua mwenyewe! Muulizeni yeyote!" Mama aliendelea kukuna muhogo, hakuinua uso. Nilimchukia, kisha nikaona anakuna na vidole vyake, damu ikichuruzika kwenye muhogo.

Sasa nisikilize. Cheti chako cha ubatizo kinasema ulizaliwa na mwanamke huru. Mama amekataa nikuombe. "Mwache mwanangu! Wakimkuta hana cheti watasema mtoro." Kwa hiyo usikitume. Nenda kwa karani wa huko akinakili, atie muhuri, na nakala uipe meli ya kwanza. Nakusihi, usingoje Jumapili.

Bahasha iandike jina la shangazi Clémence, si langu. Mama anadhani nakala itatuokoa sote wawili. Sijathubutu kumkumbusha kwamba mimi nilizaliwa kabla hajaachwa huru, na cheti chako hakinitaji. Nami hati yangu ilikuwa ile ile moja aliyoitia motoni.

Msalimie mkeo Johanna na umbusu mtoto. Shangazi anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye popote atakapokuwa,
Modestine